Maulidi ya Agosti: wageni watalala wapi Lamu?

Kila mwaka Maulidi hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2027 juma la mwisho la Mfungo Sita, ambalo ndilo juma la Maulidi ya Riyadha, litaangukia Agosti. Na Agosti ni likizo ya Wazungu. Chumba kimoja kitatakwa na watu wawili: mmoja ana yuro, mwingine amekuja na nauli ya basi na ya boti tu.

Zamani swali la malazi halikuwapo. Nyumba ya mawe ya Lamu ilijengwa ikimngoja mgeni: daka mlangoni lenye viti vya mawe, na sabule ya kumlaza mgeni mwanamume bila kuwasumbua watu wa ndani. Nakumbuka kwetu siku za Maulidi hupati pa kukanyaga kwa mikeka. Kabla yake kuta zilipakwa chokaa. Sikujua wakati ule kwamba chokaa ndiyo dawa ya jiwe la matumbawe: huliacha lipumue, ilhali simiti hufungia unyevu na chumvi ndani mpaka ukuta umomonyoke. Tulidhani tunapamba kwa ajili ya sikukuu, kumbe tunaitunza nyumba.

Leo nyumba nyingi zimenunuliwa na watu wa ng'ambo. Baadhi yao wamezikarabati vizuri kuliko sisi, na waliouza ni sisi wenyewe; nyumba ya warithi kumi na wawili haigawiki. Lakini zipo zinazofungwa miezi mingi, na daka lake hakai mtu.

UNESCO ilipouingiza mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, haikutazama milango ya kuchonga tu. Ilitaja pia sikukuu za dini zinazofanyika hapa tangu karne ya 19. Sisi tukibishana kuhusu uhifadhi, tunabishania mlango na urefu wa ghorofa.

Naona kaunti, wenye nyumba za wageni na waandalizi wa Maulidi wakae mapema. Kila nyumba ya wageni ya mji wa kale itenge japo chumba kimoja juma lile, kwa bei ambayo mtu wa Siu au Malindi ataiweza. Na familia zilizobaki na nyumba zao zisaidiwe chokaa na boriti, kwa sharti kwamba Mfungo Sita sabule itafunguliwa. Watalii huweka nafasi miezi mingi kabla.