Kabla ya kununua chaja ya pikipiki, soma kibandiko cha betri



Wiki hii naanza kwa kukiri kosa langu. Kikundi chetu cha akiba hapa Bukavu kina pikipiki moja ya umeme. Pesa ambayo motari analeta kila jioni ndiyo inatusaidia kulipa minervali ya watoto. Pikipiki inalala kwangu, na chaja ilikuwa inabaki kwangu pia. Betri ikiisha saa sita mchana, motari alilazimika kurudi mpaka nyumbani, na kazi ya mchana ikapotea. Kule Kigali motari wengi wa pikipiki za umeme wanabadilisha betri kwenye kituo, lakini sisi tunategemea prizi. Basi tukakata shauri: tununue chaja ya kufungwa kwenye pikipiki yenyewe, chini ya kiti, ili achaji popote anapopata umeme. Wamama wakanituma mimi, wakisema mwalimu anajua kusoma.

Nilisoma nusu. Betri iliandikwa 72V, chaja iliandikwa 72V, na kichwa cha waya kiliingia vizuri. Nikalipa. Usiku ule chaja ikawa inakata kabla ya kumaliza, kisha inaanza tena, kisha inakata. Asubuhi fundi akapima: chaja inatoa volti 88. Betri yetu haipaswi kupita 84. Ndani ya betri kuna kifaa kidogo cha ulinzi, na ndicho kilikuwa kinakata umeme kila mara. Kama kingeshindwa, betri ingeweza kuwaka. Na pikipiki ililala ndani kwa sababu ya wezi, ukuta mmoja tu na kitanda cha watoto wangu.

Tufanye hesabu kidogo, kama ubaoni. Hiyo 72 ni kama jina la ukoo: watoto watatu wanaitwa jina moja, lakini nguo zao hazilingani. Betri ya lithiamu ya kawaida yenye seli 20 inajaa kwa 20 × 4,2, yaani volti 84. Lithiamu ya aina inayoandikwa LiFePO4, yenye seli 24, inajaa kwa 24 × 3,65, yaani 87,6. Betri sita za risasi zilizounganishwa zinajaa kwenye volti 88 hivi. Zote tatu muuzaji anaziita 72. Kwa hiyo usimuulize kama chaja ni ya 72. Uliza inamaliza kwa volti ngapi, na ni ya betri ya aina gani.

Baada ya volti, tazama ampea. Betri ya ampea 40 kwa saa, ukiichaji na chaja ya ampea 10, inajaa kwa saa nne mpaka tano. Ya ampea 5 inachukua mara mbili. Wengi tunapenda ya haraka, lakini kila betri ina kipimo cha ampea ambacho haipaswi kupita, na kimeandikwa kwenye kibandiko au kwenye karatasi yake. Tena, chaja ya volti 84 na ampea 10 inavuta zaidi ya wati 900 ukutani, karibu sawa na pasi ya umeme. Waya za zamani zitapata joto. Ukigusa prizi ukakuta ni ya moto, chomoa.

Angalia pia umeme unaoingia. Jioni, majirani wote wakipika, umeme unashuka. Chaja iliyoandikwa 220–240 inaweza kusumbua. Iliyoandikwa 100–240 inavumilia zaidi.

Na kwa sababu chaja hii itatembea na pikipiki, itakutana na matope, mvua na mashimo ya njia zetu. Tafuta maandishi IP65 au IP67. Tarakimu ya kwanza, 6, inasema vumbi haliingii. Ya pili ni ya maji: 5 inavumilia maji ya kurushwa, na 7 inavumilia kuzama kwa muda mfupi. Chaja yenye feni inavuta vumbi. Ile ya chuma yenye mapezi ya kupoza, bila feni, inafaa zaidi. Fundi aifunge kwa boliti na mpira chini yake, mahali hewa inapita, isigusane na betri.

Muuzaji alikataa kurudisha pesa. Niliwaambia wamama ukweli kwenye mkutano, na tukakubaliana: nusu nalipa mimi kidogo kidogo, nusu inabeba kikundi. Chaja mpya, ya 84, ilipimwa na fundi palepale dukani mbele ya wamama wawili kabla pesa haijatoka. Motari sasa anachaji mchana karibu na kituo chake. Usiku pikipiki inachajiwa kwenye baraza, tukiwa macho, na tunachomoa kabla ya kulala.

Kama kikundi chenu kinafikiri kununua, nakilini kibandiko cha betri kwenye daftari, namba zote, mje nacho siku ya mkutano. Tutasoma pamoja.