Mwacheni Mdogo Wangu Abaki Wampembe

Jamani, hivi ni nani aliyetufundisha kwamba kijana wa kiume akivaa gwanda amefaulu, na akivaa kaptura ya kuvulia dagaa ameshindwa? Nauliza kwa sababu wiki hizi simu yangu haipumziki. Ukoo mzima umekaa kikao, wengine Sumbawanga, wengine Mbeya, wengine hapa Dar es Salaam, na ajenda ni moja tu: mdogo wangu.

Habari yenyewe ni hii. Kijana kamaliza kidato cha sita, akajitolea JKT, akamaliza mkataba wake wa miaka miwili bila doa. Sasa kuna nafasi ya kuomba kuingia jeshini, na kwa vyeti alivyo navyo anaweza kabisa kufikiriwa kwenda kusomea uafisa Monduli. Yeye anasema hataki. Anataka kubaki Wampembe na mama, aendeshe boti aliyoiacha marehemu baba. Basi! Utadhani kasema anakwenda kuwa jambazi. Mjomba kamwita mwoga. Baba mdogo kasema kalogwa (sisi watu wa Rukwa bwana, hata mvua ikichelewa kuna aliyelogwa). Waandishi wenzangu nao, watu wasomi kabisa, wananiambia nimsaidie kijana "ajitambue".

Ngoja niwaambie kitu. Kijana anajitambua kuliko sisi wote.

Kwa msioijua Wampembe: iko wilaya ya Nkasi, chini ya uwanda wa Ufipa, miguu yake imo ndani ya Ziwa Tanganyika. Kutoka Namanyere unateremka milima mpaka uone maji. Wakubwa wetu waliishi kwa kusubiri Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa huku, ikatumika vitani, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena. Yaani meli ya vita ikaishia kubeba magunia ya dagaa na akina mama wenye watoto mgongoni. Sijawahi kusikia mtu akisema Liemba ilishuka cheo.

Sasa chukua ramani. Monduli iko Arusha, kule kaskazini. Sisi tuko kusini magharibi, ukivuka maji uko Kongo. Na Monduli ni mwanzo tu. Ukishakuwa Luteni Usu hupangiwi kituo kwa sababu mama yako ana presha. Unapangiwa pale jeshi linapokuhitaji, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mama yetu akizidiwa na kupewa rufaa, ni kupandishwa mlima kwenda Namanyere au Sumbawanga. Nani atampandisha? Mjomba wa Mbeya? Mimi wa Dar? Dada zetu wameolewa mbali. Kila anayemwita mdogo wangu mwoga yuko mahali penye lami.

Wanasema pia ni uzalendo. Haya, tuzungumze uzalendo. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda JKT na kukatwa mishahara. Mwalimu Nyerere akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400, halafu akapunguza mishahara ya wakubwa serikalini, ukiwemo wa kwake mwenyewe. Wale walikuwa wachache waliobahatika kusoma, ajira inawasubiri, ndiyo maana waliona jeshi linawapotezea muda. Leo ni kinyume. Watoto wa maskini wanapanga foleni kuomba, kwa sababu ajira nyingine hawaioni. Tuite foleni hiyo kwa jina lake, ni foleni ya ajira. Na hakuna ubaya mtu kutafuta ajira! Ubaya ni kuchukua njaa yetu, kuivisha bendera, halafu kumsuta nayo asiyetaka kupanga mstari.

Tena hata hiyo ajira si ya uhakika kama mnavyodhani vijiweni. JKT wenyewe kila wakiita vijana wa kujitolea hutangaza wazi kwamba hawatoi ajira, wanatoa mafunzo ya uzalendo na stadi za kujitegemea. Mmesahau mwaka 2021? Vijana zaidi ya 800 waliondolewa makambini baada ya kudai ajira jeshini walizoamini wameahidiwa. Baadaye walisamehewa, sawa, lakini muulize mzazi yeyote miezi ile aliilalaje. Mdogo wangu alitoa miaka yake miwili. Alilima, alikesha lindo, alikimbia mchakamchaka. Deni gani amebakiza?

Sisemi haya kwa kulidharau jeshi. Nalisema kwa kuliheshimu. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wetu ilishambuliwa Semuliki, Kivu Kaskazini, ndani ya Kongo hiyo hiyo ambako mitumbwi yetu inatazama. Zaidi ya askari kumi wa Tanzania waliuawa, wengi wakajeruhiwa. Nilitazama picha za majeneza yale yakiwa yamefunikwa bendera na nikajiuliza mambo mengi. Luteni ndiye anayeongoza kikosi kidogo mahali kama pale. Je, wewe mwenye mwanao askari, ungependa aongozwe na kijana aliyekwenda Monduli kwa sababu mjomba alimwita mwoga? Jeshi linataka mtu aliyechagua mwenyewe. Lisigeuzwe mahali pa kumpeleka kijana ili ukoo upate wa kujivunia kwenye harusi.

Kuna hoja moja tu ya mjomba ambayo naipa heshima. Anasema ziwa limechoka. Ni kweli. Tangu mwaka 2003 wanasayansi walishaandika kwamba maji ya Tanganyika yanapata joto na chakula cha samaki kinapungua. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, ili dagaa na migebuka wapumzike na kuzaliana. Miezi ile nyumbani ilikuwa migumu, siwafichi. Na hata msimu ukiwa mzuri, mbalamwezi ikiwaka huvui, unasubiri giza lirudi ndipo taa ziite dagaa. Kwa hiyo msidhani namchorea mdogo wangu picha ya sikukuu. Kubaki kuna njaa yake.

Anasema pia kwamba umri haungoji. Masharti ya kuingia jeshini yana kikomo cha umri, tena wanataka ambaye hajaoa. Ukichelewa mlango umefungwa. Sawa. Lakini na mama naye ana umri, mjomba. Huo hatuuandiki kwenye fomu yoyote.

Mimi niliondoka Wampembe na sijutii. Kazi hii ya kalamu ndiyo niliyoitaka. Niliweza kuondoka kwa sababu kulikuwa na watu waliobaki, wakamzika baba, wakakwangua boti na kuipaka lami isivuje, na bado wananitumia migebuka mikavu kila basi likipatikana. Sasa yupo mmoja anayesema kwa mdomo wake kwamba anataka kuwa huyo wa kubaki, na sisi tuliokula samaki wa kubaki kwake ndio tunaomcheka. Hii nimeshindwa kuielewa.

Kama kweli tunamhurumia, mashine ya ile boti imekufa tangu masika. Kijana anapiga kasia. Tuko ndugu saba wenye mishahara. Nilishawaandikia wote kiasi cha kuchanga, na mpaka leo waliojibu ni wawili, wote wanawake. Mjomba, wewe uliyeongea kuliko wote kwenye kikao, nitakupigia leo jioni. Tafadhali pokea.