Darasa Lipi? Maoni Kuhusu Tamthilia ya Fumbo Inayohusu Marafiki wa Shule

Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), Muhammed Said Abdulla alimkabidhi Bwana Msa, mtu wa nje ya tukio, kazi ya kulifumbua fumbo la mauaji. Tamthilia ya televisheni inayohusu marafiki wa zamani wa shule hudai utaratibu mwingine: humo kila mpelelezi ni mtuhumiwa pia, kwa kuwa siri ni ya darasa zima. Swali ni hili: darasa lipi? Wepesi wa mtunzi ni kuchagua sekondari ya bweni. Kwa kijiji kama Likawage, wilayani Kilwa, uteuzi huo hautoshi. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipotekelezwa mwaka 1977, nafasi za sekondari zilibaki chache mno. Hivyo darasa la saba ndilo lililowakutanisha kwa mara ya mwisho waliochaguliwa na walioachwa. Aliyeondoka hurudi na maswali. Aliyebaki shambani ndiye ajuaye majibu, lakini haulizwi. Kwa maoni yetu, tamthilia itakayomnyima huyo usemi itafumbua mauaji, nao utengano uliotangulia utabaki fumbo.