Nyani si Babu Yetu

Mara nyingi, msomaji, utamsikia mtu akisema kwa kicheko, "Ati wataalamu wanadai kuwa babu yetu alikuwa nyani!" Wenzake hucheka, na mazungumzo hukomea hapo. Mimi ni mwalimu, na kicheko hicho nimekisikia darasani hata kimenichosha. Hakuna mtaalamu asemaye hivyo. Nyani yu hai hivi leo, naye huiba mahindi mashambani mwetu; yeye na sisi tu wa zama moja. Nani azaliwaye na binamu yake?

Sikiliza basi yasemwayo kwa kweli. Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga, ndani ya Ziwa Viktoria, Mary Leakey aligundua fuvu la mnyama aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Mnyama huyo alitembea kwa miguu minne juu ya matawi, kama afanyavyo tumbili. Lakini mkia hakuwa nao, kama vile sokwe asivyo nao, wala wewe. Hakuwa tumbili, hakuwa sokwe, wala hakuwa mtu. Alikuwa karibu na shina la mti ule ambao sisi na sokwe tu matawi yake. Wala wataalamu hawaapi kwamba yeye hasa ndiye mzee wetu. Wasemalo ni kwamba alikuwa wa ukoo huo wa kale.

Wengine hujitetea kwamba hayo ni mambo ya wageni. Je, mifupa hiyo ilitoka wapi kama si katika udongo wetu? Miongoni mwa waliofanya kazi ya kuichimbua alikuwamo Heselon Mukiri, Mkenya, aliyeshirikiana na akina Leakey kwa miaka mingi. Hapo kwanza mnyama huyu aliitwa Proconsul, jina lililotokana na Consul, jina la sokwe waliochezeshwa mbele ya watazamaji huko Ulaya. Mwaka 1993 spishi yake ilipewa jina la heseloni kwa heshima ya Mukiri. Na mwaka 2015 Proconsul wa Rusinga akaitwa Ekembo, neno la Kisuba. Wageni wamelitambua jina la mwenzetu. Sisi tungali tukicheka.

Kukataa si kosa. Kukataa pasipo kuchungua ndiko kosa, na kicheko si hoja. Usilolijua ni usiku wa giza: washa taa kwanza, kisha ubishe.