MENO YENYE MADOA NA FIZI ZENYE DAMU



Katika mji wetu wa Goma kuko jambo moja ambalo tumelizoea vibaya. Mwanafunzi akifungua kinywa na meno yake iko na madoa ya kahawia, wenzake wanamcheka: "Wewe, hausukulake meno?" Mwisho anaanza kufunika kinywa kwa mkono, hata mwalimu akimwuliza anajibu kwa sauti ya chini. Lakini yule wa meno meupe, anayetema mate yenye damu kila asubuhi, hakuna anayemwuliza neno. Sisi tunaona kwamba tumegeuza mambo.

Tuanze na madoa. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira unabeba floridi. Mvua inaishusha juu ya mabati yetu, nasi tunakunywa maji yale. Floridi kidogo inasaidia meno. Ikizidi wakati meno ya mtoto yangali yanajijenga ndani ya taya, yanatoka na madoa. Huo si uchafu. Kusugua kwa majivu ao makala hakuyaondoi. Kunakwaruza meno na kuumiza fizi bure.

Damu ndiyo yenye neno. Utando wa vijidudu unashika kati ya jino na ufizi. Usipoondolewa unakuwa mgumu kama jiwe, na hapo mswaki hauwezi tena. Ufizi unavimba, unatoka damu. Mpaka hapo mtu anaweza kupona kabisa. Akiacha, kwa wengi ugonjwa unashuka hata kwenye mfupa unaoshika jino. Mfupa ule ukiisha kuliwa haurudi wenyewe. Jino linacheza, kisha linaanguka. Watu wanasema, "Ni uzee tu." Hapana, ni ugonjwa. Mara nyingi unaanza bila maumivu, ndiyo sababu tunauzarau.

Tusifikiri ni shida ya watu wachache. Katika ripoti yake ya mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilihesabu watu zaidi ya miliari moja wenye ugonjwa mkali wa fizi, ni kusema karibu mtu mzima mmoja katika watano. Sigara na ugonjwa wa sukari vinauongeza. Tena fizi mbaya zinafanya sukari ya mgonjwa iwe ngumu kutulizwa. Na waganga wa meno ni haba: kati ya 2014 na 2019, katika eneo la OMS la Afrika, walikuwa kama 3 tu kwa watu 100.000. Basi wengi wetu tunamwona munganga siku ya kung'oa tu.

Wengine watasema: "Na maji iko wapi?" Ni kweli, bidoni ya maji inatoka mbali, tena inalipwa. Lakini kwa meno kikombe kimoja kinatosha. Asiye na feza ya kununua mswaki, kijiti kilichotafunwa vizuri kinasafisha pia. Kinachokosekana zaidi ni desturi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu:

1. Wakubwa wa masomo yetu watoe dakika tano kila jioni, pamoja na kikombe cha maji, kwa wanafunzi wanaolala hapa.

2. Walimu wa biolojia watuonyeshe namna ya kusafisha pale jino linapokutana na ufizi, maana wengi tunasugua mbele tu.

3. Sisi wanafunzi, mwenye kutoka damu asiache mswaki juu ya woga. Asafishe polepole, mara mbili kwa siku. Damu ikiendelea majuma mawili, ao jino likianza kucheza, amwone munganga mbele ya maumivu.

Na yule mwenye madoa, tumwache acheke pamoja nasi, kinywa wazi.