Hatimiliki, hati ya mshahara zawafungia wakazi wa Galu mlango wa mikopo ya nyumba

CHINI ya sheria iliyotiwa saini Machi 2024, kila mwenye kazi ya mshahara nchini Kenya hukatwa asilimia 1.5 ya mapato yake kugharimia nyumba za bei nafuu, na mwajiri wake huongeza kiasi hicho hicho. Mhudumu wa hoteli za Diani na Galu, Kaunti ya Kwale, hajaepuka makato hayo. Hata hivyo, anapokwenda benki kuomba mkopo wa kujenga kwao kijijini, hubaini kwamba kuchangia nyumba ni jambo moja na kustahiki mkopo ni jambo jingine.

Kwa maandishi, mlango u wazi. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya makao yafaayo. Kampuni ya KMRC, iliyoundwa 2018 na kupewa leseni na Benki Kuu 2020, hukopesha benki na vyama vya akiba na mikopo fedha za muda mrefu ili mwananchi wa kipato cha kadiri atozwe riba nafuu. Lakini kufikia mwisho wa 2023, mikopo ya rehani ya nyumba katika nchi nzima ilikuwa takriban 30,000 tu, ilhali sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 47.

Kinachoamua nani akopeshwe ni karatasi mbili: hati ya mshahara na hatimiliki ya ardhi. Pwani ya kusini, zote mbili ni adimu.

Mshahara wa msimu

Uchumi wa Galu hufuata msimu. Masika yanapoanza, watalii hupungua na wafanyakazi wengi wa kandarasi hurejea nyumbani. Mwaka 2020, janga la Corona lilifunga hoteli kwa miezi kadhaa. Desemba 2024, kampuni ya Base Titanium ilikomesha uchimbaji wa madini Kwale, na wengi waliokuwa na mshahara wa kila mwezi wakaupoteza.

Mvuvi, mgema, mwuza madafu na mwendeshaji boda boda hupata riziki kila siku, lakini hawana karatasi ya kuithibitisha. Ndiyo maana nyumba nyingi za vijijini hujengwa kwa awamu: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na mabati hungoja msimu mwema.

Jina la marehemu

Kikwazo cha pili kina mizizi ya kale. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908 ilitaka wenye madai katika ukanda wa Pwani wayawasilishe yasajiliwe. Wamijikenda wengi hawakufanya hivyo, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Baada ya uhuru, viwanja vya ufuoni viligawiwa watu wenye uwezo kutoka mbali, na wenyeji wengi wakabaki maskwota katika ardhi ya mababu.

Hata familia iliyobahatika kupata hati huenda ikaikuta ingali na jina la babu aliyefariki. Warithi wanahitaji kufungua mirathi, kwa Waislamu mara nyingi mbele ya Kadhi, kisha kugawanya shamba na kulipia upimaji. Rehani ya ardhi ya kilimo huhitaji pia idhini ya bodi ya ardhi, na ile ya nyumba ya ndoa huhitaji ridhaa ya mwenzi. Ulinzi huo ni wa haki, ila gharama na safari zake humkatisha tamaa mwenye kipato kidogo.

Hatari ya kuikosa ardhi

Hata aliye na hati ana sababu ya kusita. Kwa jamii iliyokwisha kupoteza ufuo, kuweka rehani kiwanja cha mwisho ni kukiweka karibu na mnada. Wapo pia Waislamu wanaojiepusha na riba. Tangu 2008 nchi hii imekuwa na benki za Kiislamu, lakini kubadili mfumo wa riba hakuondoi haja ya dhamana.

Kwa hiyo kupunguza riba pekee hakutaisaidia Galu. Hatua ya kwanza ni kurahisisha mirathi: maafisa wa ardhi, wapimaji na Kadhi wawafuate wananchi vijijini. Ya pili ni mikopo midogo kupitia vyama vya akiba, inayotolewa kwa awamu kama nyumba zenyewe zinavyojengwa, na kudhaminiwa na akiba pamoja na wanachama wenzake badala ya shamba la ukoo.

Bila hatua hizo, mhudumu wa Galu ataendelea kuchangia nyumba za wengine mjini huku yake ikiishia kwenye msingi.