Afya Nyumbani: Sahani ya Mutoto Mudogo



Katika nyumba nyingi za mitaa ya migodi, bukari ikiletwa, samaki inaenda kwa baba kwanza, juu yeye ndiye anashuka shimoni. Mutoto wa mwaka mumoja anapewa bukari kidogo na supu. Tumbo linajaa, analala, na sisi tunasema: ameshiba. Lakini kushiba ni jambo moja, kukomaa ni lingine.

Muhesabu pamoja nasi. Mimba ni siku karibu 270. Miaka miwili ya kwanza ni siku 730. Jumla ni 1000. Ni katika siku hizo ubongo na mwili vinajengwa kwa haraka sana.

Katika nchi ya Guatemala, Amerika ya Kati, tangu mwaka 1969 mpaka 1977, watoto wa vijiji viwili walipewa uji wenye maziwa. Vijiji vingine viwili walipewa kinywaji kitamu tu. Walipokuwa watu wazima, watafiti wakawatafuta tena. Wanaume waliokunywa ule uji mbele ya kutimiza miaka miwili walipata, kwa saa moja ya kazi, mushahara uliozidi ule wa wenzao karibu 46 kwa mia. Waliouanza nyuma ya miaka mitatu hawakupata faida hiyo.

Basi tufanye nini, na franka ni kidogo?

Mama mwenye mimba asikule wa mwisho. Mutoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, hata maji hapana. Kisha apewe uji, lakini sio unga tupu: mutie karanga zilizosagwa, ao ndakala zilizotwangwa, ao maharagi, na kijiko cha mafuta ya mawese. Sombe na lengalenga zipondwe vizuri. Aendelee kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi. Na kama mama anaenda kuosha mawe mutoni, dada anayebaki nyumbani afundishwe uji huo, juu mara nyingi ni yeye anayemulisha mutoto.

Aliyepita miaka miwili, musimwache: chakula kizuri na masomo vinamusaidia bado. Lakini yule wa miezi 10 hawezi kungojea mushahara wa mwezi ujao. Leo jioni, mbele ya kugawa samaki, muangalie sahani yake kwanza.